Somo: Namna ya kujisajili na kupata mbolea ya ruzuku, kwa wakulima wa Malindi na Magarini

Tarehe 23 Mei 2020, korona ilipokuwa imekatiza safari na kufunga masoko, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza mpango wa kuinua uchumi wa shilingi bilioni 53.7. Ndani yake, bilioni 3 zilitengwa kwa pembejeo za wakulima wadogo 200,000, nazo zilipangwa kutolewa kwa vocha za simu, si kwa pesa taslimu. Mbolea ya ruzuku nayo hufuata njia ya simu, na mwaka 2023 mfuko wa kilo 50 ulishushwa kutoka shilingi 3,500 hadi 2,500. Katika kikundi chetu, wengi waliokosa ujumbe wa simu wenye vocha ya kununulia mbolea walikuwa na shamba na kitambulisho, ila laini waliyoiandikisha haikuwa yao.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni laini, kabla hujakwenda kwa naibu wa chifu. Ukitumia Safaricom, piga *106# uone nambari zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kama simu unayoitumia imesajiliwa kwa jina la mwanao aliyeko Mombasa, ujumbe utafika kwa laini isiyo yako, na siku laini hiyo itakapopotea, wewe huna uwezo wa kuirudisha. Nenda kwa wakala ukiwa na kitambulisho chako, usajili laini yako mwenyewe.

Hatua ya pili ni kwa naibu wa chifu, ambako utaandikwa jina, nambari ya kitambulisho, simu, mazao na ekari. Soma au usomewe kila kitu kabla ya kuondoka, maana tarakimu moja ikikosewa huwezi kuijua mpaka msimu ufike. Ekari zitaje kwa ukweli, kwani ndizo zinazoamua idadi ya mifuko utakayoruhusiwa kununua.

Ujumbe ukifika, usiufute. Nenda mwenyewe na kitambulisho kwenye ghala inakouzwa mbolea hiyo, mapema kabla ya mvua za masika, maana mbolea ya kupandia ikichelewa haina faida kubwa kwa mahindi.

Maswali ya wanachama

Mkulima wa Jilore: Mwalimu, shamba letu ni la ukoo na halina hati. Je, nitakataliwa?

Jibu: La, mzee wangu. Kinachoandikwa ni anayelima na ukubwa anaolima. Nenda na mzee wa kijiji anayelijua shamba hilo, akushuhudie.

Mama wa Marafa: Marehemu mume wangu ndiye aliyesajiliwa, na laini yake ninayo. Naweza kuitumia?

Jibu: Pole sana, mama. Usiitumie, kwa kuwa ghalani utaulizwa kitambulisho chake. Jisajili upya kwa jina lako. Wewe ndiye unayelima, na haki hiyo ni yako.

Kijana wa Gongoni: Mtu ananiomba vocha yangu aninunulie, kisha tugawane.

Jibu: Usimpe. Mbolea hiyo imehesabiwa kwa shamba lako.

Mkulima wa Ganda: Na ikiwa mbolea ni mbovu?

Jibu: Mwaka 2024 mbolea bandia iligunduliwa nchini, na serikali ikaahidi kuwafidia walioinunua. Kwa hiyo tunza ujumbe wa malipo, stakabadhi na mfuko mtupu wenye maandishi yake hadi uvune.