Kabla ya Triatloni Ndefu: Mazoezi, Mwendo na Tumbo

Triatloni ndefu ya kwanza ilifanyika kisiwani Oahu, Hawaii, mwaka 1978. Walianza watu 15, wakamaliza 12, na mshindi, Gordon Haller, alitumia saa 11 na dakika 46. Umbali umebaki uleule: kuogelea kilomita 3.8, baiskeli kilomita 180, kisha kukimbia kilomita 42.2, vyote kwa siku moja. Wanaume wa mstari wa mbele siku hizi humaliza chini ya saa 8. Hao tuwaache na mambo yao. Hapa tunaongea na mtu mwenye kazi na familia, ambaye haja yake ni kumaliza akiwa bado anajitambua.

Hata kabla ya kulipa ada, chukua karatasi upige hesabu ya muda. Mashindano mengi ya aina hii hutoa saa 17 kwa jumla, na hutaka uwe umetoka majini ndani ya saa 2 na dakika 20, na umeshuka kwenye baiskeli kabla ya kutimia saa 10 na nusu tangu uanze. Soma kanuni za mashindano yako, maana baadhi hubana zaidi. Tuseme umeogelea kwa saa 1 na dakika 40, ukatumia dakika 10 kubadilisha mavazi. Umebakiwa na saa 8 na dakika 40 za baiskeli, yaani wastani wa kilomita 21 hivi kwa saa. Ukishuka dakika ya mwisho kabisa, una saa 6 na nusu za kukimbia, sawa na dakika 9 na ushei kwa kilomita. Hapo hata anayetembea kwa haraka na kuchanganya na mbio za polepole anafika. Kwa hiyo wengi wanaoshindwa hawashindwi kwa kukosa kasi. Wanashindwa kwa sababu wakifika kilomita ya 25 ya mbio, hata kutembea haraka hawawezi tena.

Muda wa maandalizi ni karibu miezi sita, kwa mtu ambaye tayari anakimbia saa moja bila shida na anajua kuogelea. Asiyejua kuogelea aanze na hilo, mashindano yatamsubiri. Na aliyewahi kuzimia au kubanwa kifua akiwa mazoezini, au mwenye ugonjwa wa moyo katika ukoo, amwone daktari kwanza.

Katika miezi hiyo, sehemu kubwa ya mazoezi, karibu asilimia 80 ya muda, iwe mepesi: mwendo ambao unaweza kuongea sentensi nzima bila kukatika pumzi. Wenye bidii ndio huharibu hapa. Siku nyepesi wanaikaza kidogo, siku ngumu inawakuta wamechoka, na baada ya mwezi siku zote zinafanana na hakuna kinachopanda. Kila wiki ya tatu au ya nne punguza mzigo ili mwili upate nafasi ya kujijenga. Safari ndefu ya baiskeli ikuzwe taratibu hadi saa 5 au 6. Mbio ndefu usizivushe saa 3, maana zaidi ya hapo uchovu wake unakula mazoezi ya wiki nzima inayofuata. Mara kwa mara, ukishuka kwenye baiskeli, vaa viatu ukimbie dakika 20 papo hapo, ili miguu izoee ile hali ya ajabu ya kukanyaga ardhi ikiwa bado inadhani inazungusha pedali.

Kuogelea hakuna mengi ya kusema. Fanya mazoezi kwenye maji ya wazi na wenzako, si bwawani tu. Jifunze kuinua macho kila baada ya mikono kadhaa kuangalia boya, kwa sababu anayeogelea upande upande anajiongezea mita bila kujua. Siku yenyewe simama pembeni au nyuma ya kundi. Mita 200 za mwanzo ndizo za hofu na mateke. Zipite polepole huku ukitoa pumzi yote ndani ya maji.

Siku yako itaamuliwa kwenye baiskeli, na ndipo penye kishawishi kikubwa. Umetoka majini salama, miguu mibichi, watu wanakupita. Hapo ukumbuke nguvu ya upepo: kwenye tambarare, ukitaka kuongeza kasi kwa asilimia 10, unahitaji nguvu zaidi kwa karibu asilimia 30. Ukienda kilomita 30 kwa saa, unamaliza kwa saa 6. Ukijilazimisha kwenda 33, umeokoa dakika 33. Sasa tuseme gharama yake ni kutembea kilomita 15 za mwisho kwa dakika 9 kila moja badala ya kukimbia kwa dakika 6. Umepoteza dakika 45, na maumivu juu.

Mwenye kipima nguvu, kifaa cha baiskeli kinachoonyesha nguvu unayotumia kukanyaga pedali, asivuke asilimia 70 hivi ya ile nguvu anayoweza kuihimili kwa saa moja. Wanaotumia saa nyingi barabarani wabaki chini ya hapo. Asiye nacho atumie kipimo cha kuongea. Mapigo ya moyo yanasaidia, ila yanadanganya kadiri siku inavyosonga, kwa kuwa joto na upungufu wa maji huyapandisha hata kama nguvu ni ileile. Mlimani weka gia nyepesi uache watu waende. Mteremkoni jikunje, upumzike. Saa ya kwanza ikionekana nyepesi mno, uko sawasawa.

Baiskeli ndiyo pia meza yako ya kulia. Akiba ya wanga mwilini ni kilokalori 2,000 hivi, na siku hii inataka mara kadhaa ya hizo. Lengo la kawaida ni gramu 60 hadi 90 za wanga kwa saa. Glukosi peke yake utumbo hauipokei zaidi ya gramu 60 hivi kwa saa, kwa hiyo anayelenga juu ya hapo achanganye na fruktosi, yaani sukari ya matunda, inayopita mlango mwingine. Kwa safari ya saa 6, gramu 75 kwa saa ni gramu 450. Jeli nyingi, vile vipakiti vya wanga mzito wa kunyonya, zina gramu 20 hadi 30 kila moja, hivyo ukitegemea jeli tupu utahitaji karibu 18, na hapo utaona kwa nini watu huweka sehemu kubwa ya wanga kwenye chupa. Tumbo nalo hufundishwa: kula hivyohivyo katika kila safari ndefu ya mazoezi, na usionje kitu kipya siku ya mashindano, hata kama kinagawiwa bure.

Wiki mbili au tatu za mwisho punguza saa za mazoezi hadi karibu nusu, lakini acha vipande vichache vya kasi ili mwili usilale. Fanyia baiskeli matengenezo mapema, si usiku wa kuamkia. Beba tyubu mbili na pampu, na uwe umewahi kubadilisha tairi la nyuma kwa mikono yako mwenyewe, lile lenye cheni. Funga kamba ya helmeti kabla hujaigusa baiskeli. Waamuzi wanaliangalia sana hilo, pamoja na kosa la kumfuata mtu kwa karibu ili akukatie upepo.

Mbio zianze kwa mwendo unaokuudhi kwa upole wake, angalau kilomita 10 za kwanza. Panga kutembea kwenye kila kituo cha maji tangu cha kwanza, usingoje kulazimishwa. Kunywa kwa kiu, na usijaze maji matupu tumboni kwa hofu: maji mengi kupita kiasi hushusha chumvi kwenye damu, na hali hiyo inaweza kuua. Ukiona vidole vimevimba, kichwa kinauma, unataka kutapika na tumbo linachezacheza maji, acha kunywa na umwite mhudumu wa afya aliye karibu.