Krosimechi ya seli T na B kabla ya kupandikiza figo

Mwili huitambua figo ya mtu mwingine hasa kupitia familia moja ya jeni, HLA, iliyo kwenye mkono mfupi wa kromosomu ya 6. Daraja la kwanza ni A, B na C. La pili ni DR, DQ na DP. Kupima jeni hizo hakutoshi. Ni lazima ujue kama mpokeaji tayari ana kingamwili dhidi ya HLA za mtoaji. Krosimechi ndiyo kipimo chake: seramu ya mpokeaji (majimaji ya damu yenye kingamwili) huchanganywa na seli T na B za mtoaji, ambazo ni aina mbili za limfosaiti, seli nyeupe za kinga. Seli zikifa, ni chanya. Mwaka 1969 Patel na Terasaki walionyesha hatari yenyewe: kati ya wagonjwa 30 waliopandikizwa huku krosimechi ikiwa chanya, figo 24 zilikufa papo hapo. Kwa waliokuwa hasi, zilikufa 8 kati ya 195.

Anza na historia. Uliza mimba zote, hata zilizoharibika, damu alizoongezewa na upandikizaji wa awali. Mama anayepewa figo na mumewe au mwanawe aangaliwe kwa makini zaidi, kwani alipokuwa mjamzito kinga yake ilikutana na HLA za mume. Kingamwili zinaweza kushuka zisionekane, kumbukumbu ikabaki. Ndiyo maana tunapima seramu ya sasa pamoja na za zamani. Akiongezewa damu, rudia kwa seramu mpya baada ya wiki 2 hivi.

Hatua ya 1. Damu ya mtoaji iwe na heparini. Ya mpokeaji iingie kwenye chupa kavu.

Hatua ya 2. Changanya damu ya mtoaji na maji ya chumvi nusu kwa nusu, imimine taratibu juu ya Ficoll (kimiminika kizito cha kutenganisha seli, densiti 1.077), zungusha kwenye sentrifuji kwa 400 g dakika 30 bila breki. Breki huvuruga tabaka la limfosaiti. Tenga seli T na B kwa shanga za sumaku, kisha ziweke milioni 2 kwa mililita. Seli hai zikiwa chini ya 80%, usiendelee.

Hatua ya 3. Kwenye trei ya Terasaki, yenye vishimo vidogo, weka mafuta ya parafini kwanza, vishimo visikauke. Ongeza mikrolita 1 ya seramu ya mpokeaji na 1 ya seli za mtoaji. Subiri dakika 30 kwa nyuzi 22.

Hatua ya 4. Ongeza mikrolita 5 za komplimenti ya sungura (protini za damu zinazoua seli zilizoshikwa na kingamwili), subiri dakika 60. Seli B hupewa muda mrefu zaidi, kwa kawaida dakika 60 na seramu kisha 120 na komplimenti. Komplimenti hutunzwa nyuzi -80 na huyeyushwa juu ya barafu mara moja tu. Ukiigandisha tena hudhoofika, na utapata hasi ya uongo.

Hatua ya 5. Tia rangi ya akridini na ethidiamu. Hai huonekana kijani, zilizokufa nyekundu. Vifo hadi 10% ni alama 1. 11–20% ni 2. 21–50% ni 4. 51–80% ni 6. Zaidi ya hapo ni 8.

Sasa kusoma, ndipo wengi hukosea. Seli T zina daraja la kwanza tu, seli B zina yote mawili. T na B zikiwa chanya, shuku daraja la kwanza. B peke yake: daraja la pili, au la kwanza lililo dhaifu, au mgonjwa amepewa rituksimabu, dawa ya kingamwili inayoshika seli B. T chanya na B hasi haileti mantiki kwa HLA, rudia kipimo.

Kila trei iwe pia na seramu ya mpokeaji dhidi ya seli zake mwenyewe. Ikiwa hiyo nayo ni chanya, tibu seramu kwa DTT, kemikali inayovunja IgM (aina moja ya kingamwili), upime upya. Chanya ikibaki dhidi ya mtoaji peke yake baada ya DTT, ni IgG, aina ya kingamwili ambayo DTT haiivunji: mjulishe daktari wa upandikizaji siku hiyohiyo, upasuaji usimame.