Somo: Kimeta, kuanzia kibudu hadi bahasha

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Picha ya ile bahasha yenye unga mweupe nimeshatumiwa mara tatu, na kila anayeituma anauliza kama kimeta, ule ugonjwa wa mifugo unaoambukiza hata watu, kimeingia Dar. Mimi kazi yangu ni kukagua nyama, kwa hiyo bahasha nitaiweka mwisho. Tuanze na ng'ombe.

Hatua ya 1: Mjue mdudu mwenyewe

Kimeta kinaletwa na bakteria aitwaye Bacillus anthracis. Akiwa ndani ya mnyama anazaana kama bakteria wengine. Mnyama akifa na damu ikakutana na hewa, anajifungia kwenye ganda gumu tunaloliita spora, na spora hukaa udongoni miaka kwa miaka ikisubiri. Ng'ombe anayelisha karibu na ardhi, hasa kiangazi majani yakiwa mafupi, anaimeza. Ndiyo maana habari za kimeta hutoka sana kaskazini, Arusha, Manyara, Kilimanjaro, Ngorongoro, ambako mifugo na nyumbu wanagawana malisho. Sisi Dar malisho hayo hatuna. Tuna mnada wa Pugu, na malori yanashusha ng'ombe kutoka mikoani.

Hatua ya 2: Kitambue kibudu chake

Jioni mnyama anakula vizuri, asubuhi yuko chini. Anavimba haraka, hakakamai kama mizoga mingine, na damu nyeusi inamtoka puani, mdomoni na nyuma. Nilipokuwa mgeni kazini, huko kaskazini, mzee mmoja alinipeleka kwa mtamba wake aliyekufa alfajiri. Ilikuwa imeshafika saa nne. Nikagusa damu kwa kijiti, ikateleza kama oili chafu ya gari, haijaganda hata kidogo. Nikageuka, kijana wa mzee alikuwa ananoa kisu.

Hapo ndipo mwiko ulipo: usipasue. Mzoga ukibaki mzima, bakteria wengi walio ndani hufa unapoanza kuoza. Ukiuchana umewapa hewa, na umepanda spora kwenye boma lako. Zuia watoto na mbwa, mwite bwana mifugo, na yeye atasimamia kuchoma au kuzika.

Hatua ya 3: Jihadhari na nyama "iliyowahiwa"

Bibi yangu hakujua bakteria ni nini, lakini kibudu hakikuvuka kizingiti chake. Wengi wetu tumelelewa hivyo, iwe kwa dini au kwa kinyaa tu. Tatizo ni mnyama anayeyumba, mwenyewe akaona hasara inakuja, akawahi kisu kabla roho haijatoka. Hicho si kibudu, amechinjwa, na dua imesomwa. Bakteria hajali. Anayechinja anapakwa damu, anayechuna anajikata kidole, na nyama inagawanywa uani kwa bei ya kutupa.

Kwa hiyo mjini hapa angalia mhuri wa mkaguzi kwenye nyama ya bucha. Machinjioni mnyama anaangaliwa akiwa hai, kisha anaangaliwa tena baada ya kuchinjwa. Nyama inayopitishwa mlangoni usiku kwenye ndoo haina historia hiyo.

Hatua ya 4: Kwa binadamu

Cha ngozi ndicho cha kawaida kabisa. Kinaanza kipele kinachowasha kama umeng'atwa na mdudu, kinakuwa lengelenge, halafu kidonda chenye kigaga cheusi katikati, pembeni kumevimba. Na hakiumi! Watu wanachelewa kwa sababu hiyo. Cha tumbo kinatokana na kula nyama yenye ugonjwa, na huleta homa, kutapika na kuharisha damu. Cha mapafu ni cha nadra, na ndicho kinachoua zaidi. Antibiotiki zinatibu kimeta, penisilini ikiwa mojawapo, ila uwahi, na umweleze daktari kwamba ulichuna au ulikula mnyama fulani. Usipomwambia hataota.

Hatua ya 5: Sasa bahasha

Lile ganda linalosumbua wafugaji ndilo lililowavutia wanajeshi. Mwaka 1942 Waingereza walijaribu kimeta kama silaha kwa kondoo kwenye kisiwa cha Gruinard, Scotland, na kisiwa kikatangazwa salama mwaka 1990 tu, tena baada ya kusafishwa. Mwaka 1979 spora zilivuja kutoka kituo cha jeshi mjini Sverdlovsk, Urusi ya Kisovieti, wakafa watu wasiopungua 66. Serikali ikasingizia nyama mbovu, na ukweli ulikubaliwa mwaka 1992. Sisi wa nyama tunasingiziwa mengi. Kisha mwaka 2001 huko Marekani zilitumwa barua zenye spora za kimeta: watu 22 waliugua, 5 wakafariki, wakiwemo wafanyakazi wawili wa posta. Mkataba wa kupiga marufuku silaha za kibiolojia upo tangu 1972.

Maswali ya wanachama

Muuza mishikaki, Buguruni: Kaka, nikiichoma ikaiva kabisa si inakufa?
Jibu: Bakteria mwenyewe anakufa, spora inaweza kupona. Hospitali huua spora kwa mvuke wa nyuzi 121 ndani ya mtungi wa presha. Mkaa wako ndugu yangu hauna uhakika huo. Na wewe umeshaishika mbichi.

Mama wa Mbagala: Mwanangu, mgonjwa akiwa nyumbani atatuambukiza?
Jibu: Shikamoo mama. Kwa kukohoa au kukaa naye, hapana. Kidonda kifunikwe, usikiguse mikono mitupu.

Mfugaji, Chanika: Chanjo ipo? Nina mbuzi kumi na wawili.
Jibu: Ipo, ya mifugo, kwa kawaida hurudiwa kila mwaka. Inayotumika sana ilitoka Afrika Kusini miaka ya 1930. Muone bwana mifugo wa kata kabla mbuzi hawajaugua.

Kijana wa Sinza: Mkuu, na ile bahasha ya kwenye picha je?
Jibu: Ukikutana na unga usiouelewa, usiunuse wala usiutikise, acha ulipo, nawa kwa sabuni, piga simu polisi. Lakini nami nikuulize: ile nyama ya juzi ya bei poa mliyochangishana, nani aliuona mhuri?