Somo: Kurudi Nyumbani na Mizigo na Gari Bila Kukwama Mombasa (kwa wanaohamia Nakuru, Kisumu na Magharibi)

Somo hili ni la Mkenya aliyeishi ng'ambo na sasa anafunga virago kurudi Nakuru, Kisumu, Kakamega, Busia au kwingineko upande huu. Sehemu kubwa ni ya mizigo ya nyumba na gari, maana hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Mambo ya uraia, watoto, benki na hospitali yamejibiwa kwenye maswali ya wanachama huku chini.

Hatua ya 1: Hesabu siku ulizokaa Kenya

Msamaha wa kodi kwa wanaorejea umo katika Jedwali la Tano la Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004. Masharti ni haya: uwe umetimiza miaka 18, uwe umeishi nje angalau miaka 2 kabla ya kurudi, ziara zako zote za Kenya katika miaka hiyo 2 zikijumlishwa zisizidi siku 90, na usiwe umewahi kupewa msamaha kama huo. KRA (mamlaka ya kodi ya Kenya) haitasikiliza hadithi, itafungua pasipoti na kuhesabu mihuri.

Sharti la siku 90 ndilo linaloangusha wengi. Mtu alikuja Krismasi akakaa wiki 6, Krismasi iliyofuata akakaa tena wiki 6. Hizo ni siku 84. Katikati akaitwa matanga, akakaa siku 10. Jumla ni 94, na msamaha umekwenda. Ukijikuta hapo, sogeza mbele tarehe ya kurudi hadi ile ziara ya kwanza itoke nje ya miaka 2. Na kama ulibadilisha pasipoti ukiwa huko, njoo na ile kuukuu pia. Bila mihuri yake huna cha kuonyesha.

Hatua ya 2: Amua habari ya gari mapema, mwaka mmoja na zaidi kabla ya safari

Gari linasamehewa kodi iwapo limekuwa lako, na umelitumia huko, kwa muda usiopungua miezi 12. Siku za melini hazihesabiwi. Anayenunua gari miezi mitatu kabla ya kuondoka, kwa sababu tu amesikia kuna msamaha, atalipa kodi kama muuzaji yeyote: ushuru wa forodha wa asilimia 35, kisha ushuru wa bidhaa kulingana na injini, kisha VAT ya asilimia 16 juu yake. Kila kodi inapigwa juu ya jumla iliyotangulia, ndiyo maana hesabu ya mwisho hushtua watu.

Msamaha wa kodi hauondoi masharti ya gari lenyewe. Usukani uwe upande wa kulia, na lisiwe limepita miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Lisizidi abiria 13, na kama ni la mizigo lisizidi tani 2. Likitoka nchi yenye wakaguzi walioteuliwa na KEBS (shirika la viwango la Kenya), kama Japani, Uingereza au Falme za Kiarabu, likaguliwe huko na upate cheti kabla halijapandishwa melini.

Jina kwenye logibuku (hati ya umiliki wa gari) liwe lilelile la kwenye pasipoti. Aliyeolewa na kubadilisha jina aandamane na cheti cha ndoa. Gari ambalo bado lina mkopo, na benki ndiyo iliyoandikwa mwenyewe, malizia deni kwanza hati ije kwa jina lako. Weka pia bima na leseni ya barabarani ya kipindi chote cha miezi 12, maana kumiliki ni jambo moja na kutumia ni jambo jingine, na vyote viwili vinaulizwa.

Hatua ya 3: Chagua cha kubeba kwa kusoma kibandiko cha nyuma

Stima ya Kenya ni volti 240, hezi 50, na plagi ni ile ya pini tatu bapa kama ya Uingereza. Vitu vya Uingereza, Dubai na Doha vinaingia ukutani moja kwa moja. Vya Marekani ni volti 120 na hezi 60, na watu hudhani transfoma itamaliza tatizo. Transfoma inashusha volti tu, hezi inabaki 50. Friji, mashine ya kufua na maikrowevu ya transfoma vilivyotengenezewa hezi 60 pekee vitazunguka polepole, vitapata joto na kuungua kabla ya wakati. Viache huko. Chaja za simu na kompyuta zilizoandikwa 100–240V, 50/60Hz hazina neno.

Televisheni ya Marekani inayokubali volti 240 itaonyesha picha ya king'amuzi kupitia waya wa HDMI, lakini antena yake haitashika matangazo ya hapa, maana Kenya inatumia mfumo wa DVB-T2. Jiko la gesi la bomba la jiji lazima libadilishwe nozeli ndipo likubali mtungi wa kilo 13. Usiposhughulikia hilo, moto unaruka juu na kuacha masizi kwenye sufuria.

Vitanda, magodoro, vyombo, vitabu, baiskeli na zana za kazi, beba. Sofa kubwa pima na akili yako. Mafundi wa Nakuru na Kisumu wanatengeneza sofa nzuri, na ile ya huko inakula nafasi ya maboksi 30.

Hatua ya 4: Funga, weka nambari, andika

Kontena la futi 20 ndani lina urefu wa takriban mita 5.9 na upana wa mita 2.35, yaani mita za ujazo 33 hivi. Gari dogo la mita 4.2 linaingia na kuacha mita moja na nusu ya maboksi. Gari likiingizwa, tenganisha waya wa betri na uache mafuta kidogo sana.

Kila boksi lipewe nambari pande mbili, na orodha iseme kilichomo: «Boksi 14: sahani 12, sufuria 3, pasi 1, vilitumika.» Usiandike «vitu vya nyumba» ukadhani umemaliza. Ofisa akiona maneno hayo ataagiza kontena lifunguliwe lote, na kufunguliwa kunalipiwa. Simu 8 mpya katika boksi moja ni biashara hata kama ni zawadi za wajomba. Ziandike kando ulipie kodi yake, zisije zikachafua orodha nzima.

Ukitumia paleti au masanduku ya mbao, yawe na muhuri wa IPPC unaoonyesha mbao zilitibiwa. Na usifungie vitu kwa mifuko ya plastiki ya kubebea, ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017.

Hatua ya 5: Oanisha tarehe ya ndege yako na ya meli

Mizigo isiyosafiri nawe inatakiwa ifike ndani ya siku 90 baada yako. Kamishna anaweza kuongeza muda hadi siku 360, ila uombe kwa barua na sababu, mapema. Hatari ya upande wa pili ni kubwa zaidi: meli ikitangulia. Bila muhuri wako wa kuingia nchini wakala hawezi kuomba msamaha, na huku bandari inahesabu siku za hifadhi na kampuni ya meli inahesabu siku za kontena lake. Ni madeni mawili tofauti, yote kwa dola. Uwe Kenya wiki mbili au tatu kabla ya meli kutia nanga.

Faili la wakala liwe na pasipoti zote, PIN ya KRA, hati ya shehena, orodha ya maboksi, logibuku na risiti ya ununuzi wa gari, cheti cha ukaguzi, na ushahidi wa makazi kama mkataba wa kazi au barua ya kuachishwa. Hati isiyo ya Kiingereza itafsiriwe rasmi. PIN yako ikague miezi kadhaa mbele: kama hukuwa ukiwasilisha ritani (taarifa za kodi) za kila mwaka, hata zile za sufuri, kila mwaka uliorukwa una faini isiyopungua shilingi 2,000.

Wakala awe kwenye orodha ya KRA ya wenye leseni. Kodi yoyote inayodaiwa hutolewa hati yenye nambari ya malipo, lipa kwa nambari hiyo, si kwa simu ya «kijana wetu wa bandarini». Kwa M-Pesa hupitishi zaidi ya shilingi 250,000 kwa muamala mmoja, kwa hiyo kiasi kikubwa kipitie benki.

Hatua ya 6: Kutoka Mombasa hadi mlangoni

Elewaneni kwa maandishi nani anarudisha kontena tupu, wapi, na kwa siku ngapi. Kontena likilala Kisumu kwa sababu fundi hajamaliza kuweka milango ya nyumba, deni linatembea. Trela la futi 40 halipandi barabara ya udongo ya Vihiga au Kisii wakati wa mvua za Machi hadi Mei. Pakua mjini, gawanya kwenye kenta mbili, na muwe na mtu mwenye orodha anayetia alama kila boksi linaposhuka.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (kutoka Houston): Gari langu lina usukani wa kushoto, nimekuwa nalo miaka minne. Nimepoteza msamaha?

Jibu: La, ndugu. Hilo la kushoto halitasajiliwa hapa, lakini unaruhusiwa kuleta la kulia badala yake, hata ukilinunua Japani. Masharti: lile la kwanza uwe ulilimiliki miezi 12 au zaidi, uwe umeliuza kabla ya kurudi na una hati ya mauzo, na thamani ya hili la pili isizidi ya lile. Usiliache kwa shemeji «aendelee kulitumia», mauzo lazima yaonekane.

Swali (Riyadh): Friji ya hapa ni volti 230. Si ni karibu sawa na Kenya?

Jibu: Volti ni sawa, dada, ila Saudia wanatumia hezi 60. Soma kibandiko: kikiandikwa 50/60Hz, beba. Kikiandikwa 60Hz peke yake, iuze huko. Pasi na birika la umeme hazijali hezi, hizo beba tu.

Swali (mama, Kakamega): Wanangu wawili walizaliwa nje na wana pasipoti za huko. Wataingia vipi, na shule je?

Jibu: Mama, mtoto wa mzazi Mkenya ni raia kwa kuzaliwa popote alipozaliwa, kwa Kifungu cha 14 cha Katiba. Tatizo ni karatasi. Akiingia kwa pasipoti ya kigeni anaingia kama mgeni mwenye siku zilizohesabiwa. Mwombee pasipoti ya Kenya ubalozini kabla ya safari, kwa cheti chake cha kuzaliwa na vitambulisho vya wazazi. Upande wa shule, mwaka wa hapa unaanza Januari. Mtoto anayefika Septemba anaingia muhula wa tatu, wakati wenzake wanajiandaa kwa tathmini, basi mkiweza panga afike Desemba. Aliyefanya mtihani wa taifa wa sekondari huko apeleke vyeti KNEC (baraza la mitihani) vilinganishwe, maana chuo kitauliza.

Swali (Bungoma, kwa niaba ya kaka): Alichukua uraia wa Uingereza mwaka 2004. Shamba la baba linagawanywa sasa.

Jibu: Tarehe hiyo ni muhimu sana. Waliochukua uraia wa nje kabla ya Katiba ya tarehe 27 Agosti 2010 waliupoteza wa Kenya, na haurudi wenyewe. Aombe kurejeshewa kupitia Idara ya Uhamiaji, ni haki yake kama raia wa kuzaliwa. Mpaka atakaporejeshewa, Kifungu cha 65 kinamhesabu kama mgeni: hata hati ikiandikwa ya kudumu, sheria itaisoma kama upangaji wa miaka 99. Uraia kwanza, mgawo baadaye. Waliochukua uraia wa nje baada ya 2010 hawakupoteza kitu, ila walitakiwa kuiarifu serikali ndani ya miezi 3.

Swali (Leeds): Nifunge akaunti ya benki nikiondoka? Na pensheni?

Jibu: Usiifunge kabla marejesho ya kodi, amana ya nyumba na mshahara wa mwisho havijaingia. Linalosumbua watu ni laini ya simu: benki inatuma nambari ya siri kwenye laini ya huko, nawe umeshaikata. Ihamishie kwenye mpango wa bei nafuu unaofanya kazi ukiwa Kenya, ujaribu kuingia benki kwa laini hiyo kabla ya kupanda ndege. Pensheni ya serikali ya Uingereza inalipwa Kenya kwa mwenye miaka 10 ya michango, lakini kiwango chake hakipandi kila mwaka kama kinavyopanda kwa wanaoishi huko. Bajeti yako isitegemee nyongeza.

Swali (Doha): Nikibeba akiba yangu mkononi?

Jibu: Kuanzia dola 10,000 au thamani yake, lazima utangaze kwa forodha unapoingia. Kutangaza hakutozwi kitu. Ukificha, pesa zinaweza kuzuiwa. Beba na barua ya mwajiri na taarifa ya benki, kwa sababu benki ya hapa itauliza zilikotoka.

Swali (Nakuru): NHIF yangu ya zamani (bima ya afya ya serikali) bado inafanya kazi?

Jibu: Haipo tena, SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii) ilichukua nafasi yake tangu Oktoba 2024. Jisajili kwa *147# ukiwa na kitambulisho, uongeze mwenzi na watoto. Aliyeajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Asiye na ajira hupimwa uwezo kwa maswali ya nyumba na mapato, hapungui shilingi 300 kwa mwezi, na analipa ya mwaka mzima kwa mpigo. Maswali hayo yanauliza paa, ukuta, choo na umeme, kwa hiyo jibu ukishahamia nyumba utakayoishi, si ukiwa bado kwa wazazi.