Ukisikia "watafiti wamegundua…" kuhusu maisha ya binadamu, uliza haya kwanza

Zile meseji za kwenye magrupu, mara "ukifika 30 akili inaanza kushuka", mara "mtoto asiyejizuia atakuja kuwa maskini", nyingine zimetoka kwenye utafiti wa kweli kabisa, ila mpaka zinakufikia zimeshakatwa kichwa na miguu, kwa hiyo usimtumie mtu kabla hujaichimba kidogo.

Kitu cha kwanza angalia kama walifuatilia watu walewale miaka na miaka au walichukua vijana na wazee wakawapima kwa mpigo. Hapa ndo wengi wanapigwa. Huko Seattle, Marekani, mtafiti Schaie alianza mwaka 1956 kupima watu wazima wa rika mbalimbali, halafu akawa anawarudia kila baada ya miaka 7. Ukilinganisha rika kwa siku moja wazee wanaonekana wameachwa mbali, lakini ukimfuata mtu yuleyule unakuta uwezo mwingi wa akili unasimama vizuri mpaka kwenye miaka ya 60. Mpime leo bibi aliyeishia darasa la nne na mjukuu wake wa chuo, utakuwa unapima shule au umri?

Cha pili, na hiki mimi nakipa uzito kuliko vyote, uliza kati ya walioanza kwenye utafiti wangapi wamebaki mpaka mwisho. Wanaopotea hawapotei hivihivi, ni waliohama, wagonjwa, waliofungwa, yaani haohao ambao maisha yao yana mengi ya kutufundisha. Ndo maana utafiti wa Dunedin, New Zealand, unaheshimika: watoto 1,037 waliozaliwa 1972 na 1973, na walipofika miaka 45 walipatikana asilimia 94 ya walio hai, walioko nje wanakatiwa hadi tiketi ya ndege warudi kupimwa. Hapa kwetu kuna ule wa Kagera, walianza 1991 na kaya zaidi ya 900, 2004 wakawasaka watu walewale hata waliovuka kwenda Uganda. Wakakuta waliohama wameinuka kimaisha kuliko ndugu zao waliobaki. Wangeishia kuhoji waliopo kijijini tu, hiyo wasingeiona kabisa.

Kisha chukua karatasi uchore mstari, andika mwaka waliozaliwa, miaka waliyopimwa, na chini yake kilichokuwa kinaendelea nchini mwao, vita, ukame, shule kuwa bure. Unaanza kuona kipi kimeletwa na umri na kipi kimeletwa na zama. Na angalia ni akina nani, maana ule utafiti maarufu wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, ulioanza 1938 ulianza na wanafunzi 268 na wote wanaume, usiubebe mzimamzima ukamtwisha mama wa Tandale.

Mwisho, usigeuze wastani kuwa hukumu. Dunedin waliona kweli watoto waliokuwa wanajizuia vizuri, yaani wasio na pupa wala hasira za haraka, walikuwa na afya na pesa nzuri zaidi walipofika miaka 32, hata ukishazingatia hali ya nyumbani kwao, ila waliona pia waliojirekebisha walivyokuwa wanakua walifanya vizuri kuliko ilivyotarajiwa, na hiyo sehemu ya pili huwa hairushwi kwenye magrupu. Mzazi mwenye mtoto mkorofi aisome yote mbili.