Zidisha mara 12 kabla ya kubonyeza "Kubali"

Ndugu zangu, ada ya mkopo wa simu izidisheni mara 12 kwanza. Ukikopa 10,000 kwa siku 30 na ada ni 900, hiyo ni asilimia 9 kwa mwezi, yaani 108 kwa mwaka! Tena, mikopo mingi ya aina hii hata ukiwahi kulipa siku ya kumi, ada haipungui. Kwa tenga la nyanya litakaloisha kesho na kukuachia faida ya 3,000, kopa. Kwa kuziba deni jingine, hapana. Mimi ningeanzia kwenye kikoba. Na masharti yasome, hasa mstari wa adhabu ya kuchelewa. Mara nyingi uko chini kabisa.