SOMO: Spika za zamani za kusimama sakafuni, tangu kununua hadi kukaa ukasikiliza

Wakuu, wiki hii pekee nimeulizwa swali moja mara tano inboksi: "Nimepata spika kubwa za zamani, zinakwaruza, ninunue amplifaya gani?" Jibu ni lile lile kila mara, na amplifaya haimo. Naliandika lote hapa. Atakayeniuliza tena nitamleta huku.

Nazungumzia zile spika za kimo cha kiunoni za miaka ya 1970 na 1980, boksi la mbao, wufa (spika kubwa ya besi) ya inchi 10 hadi 15. Hapa kwetu Tanga nyingi zilikuja na ndugu waliokuwa Uarabuni au na mabaharia. Siku hizi zinashuka na mitumba kutoka Japani na Uingereza. Mimi nina pea mbili na nazipenda kuliko kitu chochote kingine kilichomo sebuleni. Gitaa la besi la dansi la zamani likipita kwenye wufa ya inchi 12 unalisikia kifuani hata sauti ikiwa ndogo ya kuongea.

Shika hili kwanza: sumaku haichoki kirahisi, na boksi zuri hudumu. Kinachokufa ni ukingo wa sponji unaoishika karatasi ya wufa (ile koni inayotikisika), na kapasita zilizomo kwenye krosova, yaani saketi ya ndani ya boksi inayogawa sauti za chini na za juu.

HATUA YA 1: Kagua kabla ya kutoa hela

Toa kitambaa cha mbele. Gusa ukingo wa wufa kwa ncha ya kidole. Ukimeng'enyuka kama keki kavu, au ukinata kama lami, umekwisha, hata kama kwa macho unaonekana mzima. Sponji hiyo huliwa na unyevu na joto, na pwani tunavyo vyote viwili. Miaka 15 hadi 25 ndiyo umri wake wa kawaida. Ukikuta ukingo wa raba au wa kitambaa, furahi, huo hudumu zaidi.

Kisha tandaza vidole vyote juu ya karatasi, sukuma ndani kidogo kwa usawa, achia. Ukisikia mkwaruzo, koili (waya uliozungushwa nyuma ya karatasi) inagusa chuma cha sumaku. Hapo bei ishuke sana au uondoke.

Nenda na mita ya umeme, uiweke kwenye omu (kipimo cha ukinzani). Wufa ya omu 8 itasoma kama 5.5 hadi 7, ya omu 4 itasoma 3 na kitu. Isiposoma kabisa, koili imekatika. Pima kwenye spika yenyewe, moja moja. Ukipimia nyuma ya boksi kwa kawaida utasoma wufa tu, kwa sababu twita (spika ndogo ya sauti za juu) imekaa nyuma ya kapasita na mita haiioni. Watu wengi wameuziwa boksi lenye twita iliyoungua kwa kutokujua hilo.

HATUA YA 2: Kusafirisha

Zikiwa zimesimama, na kamba isipite juu ya karatasi.

HATUA YA 3: Vitufe

Spika nyingi za wakati ule zina vitufe vya kupunguza sauti ya kati na ya juu. Zima amplifaya, nyunyiza dawa ya kusafishia kontakti, zungusha kila kimoja mara 20 kwenda na kurudi. Twita nyingi zinazoitwa maiti hufufuka hapa.

HATUA YA 4: Kubadilisha ukingo wa sponji

Someni hii taratibu, mara mbili, kabla ya kushika kisu.

Pea yangu ya kwanza niliiharibu hapa. Niliagiza ukingo mpya wa saizi sahihi, nikakwangua wa zamani vizuri, kisha nikatumia gundi ya viatu, ile ya njano, kwa sababu ilikuwepo nyumbani na inashika sana. Ndivyo inavyoponza: ikigusa imeshika, huna nafasi ya kusogeza hata milimita moja. Karatasi ilikaa upande. Nilipowasha, sauti ndogo ilikuwa safi, nikajisifu. Nilipopandisha kidogo, koili ikaanza kukwangua chuma, nikadhani "itazoea". Haizoei. Siku ya tatu nikasikia harufu ya kuungua, wufa ikanyamaza. Nilipojaribu kuibandua ile gundi karatasi ikachanika na yenyewe. Wufa ya miaka arobaini, nzima kabisa isipokuwa sponji, niliiua kwa kukosa subira.

Sasa nafanya hivi. Nakwangua sponji ya zamani yote, kwenye karatasi na kwenye fremu, na mabaki ya gundi nayafuta kwa kitambaa chenye spiriti kidogo. Spiriti, si asetoni. Natumia gundi nyeupe inayokauka ikawa angavu na kubaki laini. Hiyo inakupa dakika kadhaa za kurekebisha. Ukingo unaanza kugundishwa kwenye KARATASI peke yake. Acha ukauke kabisa. Mimi naacha usiku mzima. Kesho yake ndipo unagundisha kwenye fremu, na hapo ndipo pa kuweka katikati: gundi ikiwa bado mbichi, sukuma karatasi ndani na nje kwa vidole vya pande zote, ukisikiliza. Ikikwaruza, sogeza ukingo kidogo, jaribu tena. Ikiwa kimya kabisa, bana kwa vibanio vya nguo kuzunguka fremu.

Njia ya uhakika zaidi ni kuunganisha wufa kwenye amplifaya na kupiga sauti ya hezi 30 kutoka kwenye simu, ndogo sana, kiasi cha kuona karatasi inatikisika tu. Inayokaa katikati haitoi kelele, inahema. Inayogusa utaisikia inazoma.

Angalizo:
– Kabla hujabandua, andika kama ukingo ulikuwa umegundishwa mbele ya karatasi au nyuma yake. Rudisha hivyo hivyo.
– Gundi nyeupe ni ya karatasi. Wufa ikiwa ya plastiki inahitaji gundi yake. Uliza anayekuuzia ukingo.
– Usipime ukingo kwa jina la inchi. "Inchi 12" za watengenezaji wawili hazilingani. Pima kipenyo cha karatasi na cha fremu kwa rula.
– Badilisha zote mbili, kushoto na kulia, siku moja.
– Supaglu HAPANA.

HATUA YA 5: Kapasita

Zile za elektrolaiti ndani ya krosova huchoka kwa miaka, sauti ya juu inafifia au pande mbili hazilingani. Weka zenye maikrofaradi ile ile, volti ile ile au zaidi, na ziwe zisizo na chanya na hasi. Ukiweka ya kawaida ya redio yenye alama ya hasi, itaharibika.

HATUA YA 6: Waya

Waya wa nyumba wa 2.5 mm unatosha kabisa sebuleni. Chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, pande zote mbili. Ukikosea upande mmoja besi itapotea na mwimbaji hatakaa katikati.

HATUA YA 7: Mahali pa kuweka

Anza na sentimita 50 kutoka ukutani. Ukizisogeza ukutani besi inaongezeka, ukizipeleka kwenye kona ya chumba inaongezeka zaidi mpaka inavuma. Sogeza kidogo kidogo, usikilize wimbo mmoja unaoujua vizuri. Umbali kati ya spika na spika ukaribiane na umbali wa kila moja hadi unapokaa.

Kingine, nyumba zetu ni vigae chini, saruji ukutani, vioo madirishani. Sauti ya juu inagonga na kurudi. Kabla hujailaumu twita, tandika zulia au hata mikeka miwili mbele ya spika na ushushe pazia zito. Mke wangu ndiye aliyegundua hili, siku ya kufua mazulia: alisema "leo redio inapiga kelele", na sikuwa nimegusa kitufe chochote.

MASWALI

Msafiri_77: Mkuu spika zangu zinakwaruza nikipandisha sauti, tatizo nini?

Mwandishi: Hatua ya 1, halafu hatua ya 4.

Msafiri_77: Nimesoma juu juu. Nikinunua amplifaya yenye wati nyingi haitaisha?

Mwandishi: Haitaisha, itaungua haraka zaidi. Zima leo, gusa ukingo, rudi uniambie umekuta nini.

BintiPangani: Shikamoo mwalimu. Nimepima wufa za marehemu baba, nyuma imeandikwa omu 8 lakini mita inasema 6.2 zote mbili. Je, zimepungua nguvu?

Mwandishi: Marahaba mwanangu, na pole kwa mzee. Hazijapungua, ziko salama kabisa. Mita inapima waya wa koili kwa umeme wa betri, usiobadilika. Muziki ni umeme unaokwenda na kurudi, na koili huupinga zaidi ya hapo, tena upinzani wenyewe hubadilika kwa kila noti: chini kabisa unaweza kupanda mara kadhaa, katikati ukashuka karibu na 6. Ile 8 ni makadirio ya jumla ya mtengenezaji. Kilichonifurahisha ni kwamba zote mbili zinalingana. Ukingo wake ni wa nini?

BintiPangani: Kitambaa, kina kama rangi nyeusi ya kunata kidogo. Na mbele kuna wavu wa mbao uliochongwa.

Mwandishi: Usikifute hicho kinachonata! Ni dawa waliyopaka makusudi ili hewa isipite. Wavu wa mbao wa namna hiyo Sansui walikuwa nao kwenye spika zao nyingi. Pangusa vumbi kwa brashi kavu ya rangi, maji usiguse. Kwako hatua ya 4 haipo kabisa. Fanya ya 3, kisha ya 7, umpigie mzee nyimbo alizozipenda.

FundiMtaani: Mimi natengeneza redio tangu 1998. Unasema gundi nyeupe, mimi natumia ya viatu na wateja hawarudi.

Mwandishi: Mkono wako una uzoefu, fundi, unaweka mara moja inakaa. Somo hili nimemwandikia anayefanya mara ya kwanza mezani kwake. Mimi ya viatu imeniunguzia wufa, siwezi kumshauri mtu aitumie.

Kijana wa Mwanza: Amplifaya yangu ni wati 20 tu kila upande. Spika nyuma imeandikwa 150. Si nitaziua njaa?

Mwandishi: Spika haifi njaa. 150 ni kiwango cha kuvumilia, si mahitaji yake. Tafuta namba nyingine, desibeli kwa wati moja umbali wa mita moja, yaani ukubwa wa sauti spika inayotoa ikipewa wati moja. Kila desibeli 3 ni nguvu mara mbili. Spika ya desibeli 98 kwa wati 1 inapiga sawa na ya desibeli 86 iliyopewa wati 16. Mabingwa wa jambo hilo ni Klipsch, wanaotengeneza spika za honi tangu 1946; kwao wati chache zinajaza ukumbi. Zako zikiwa 90 na zaidi, wati 20 zinakutosha sebuleni.

Msafiri_77: Mbona nasikia wati ndogo ndiyo inaunguza twita?

Mwandishi: Inayounguza ni amplifaya iliyopandishwa sauti mpaka mwisho. Ikishindwa, mawimbi yanakatwa vichwa, na mkato huo unazaa sauti za juu nyingi zinazokwenda moja kwa moja kwa twita. Ukisikia sauti imekuwa kali na inachana, rudisha kitufe. Umeshagusa ukingo?

Msafiri_77: Bado mkuu.

Mwandishi: Nasubiri.

MzeeWaSanturi: Nyongeza kwenye hatua ya 6. Waya zikiwa hazina rangi, chukua betri ya volti 1.5, gusisha kwa sekunde moja. Karatasi ikitoka nje, chanya ya betri iko kwenye chanya ya spika. Ila mimi nina JBL za miaka ya 70, nikiweka chanya kwenye nyekundu karatasi inaingia ndani. Zote mbili. Kuna mtu alizifungua?

Mwandishi: Ahsante sana kwa hili, lilipaswa kuwemo juu. Hakuna aliyezifungua. JBL kwa miaka mingi walifuata mpango wao wa kinyume, wufa zao za zamani ndivyo zilivyo. Maadamu kushoto na kulia zinafanana, acha. Usibadilishe waya za ndani, krosova imepangwa kwa hesabu hiyo. Tatizo linakuja mtu akichanganya JBL moja ya zamani na wufa ya kampuni nyingine upande wa pili.

Kijana wa Mwanza: Za mjomba zina ukingo mwekundu, ni Cerwin-Vega. Nimepata ukingo mweusi saizi ile ile. Rangi ina shida?

Mwandishi: Kwa sauti haina, mradi ulaini na vipimo vilingane. Ila ule wekundu ndio sura yao. Mwekundu unapatikana, mimi ningengoja.

BintiPangani: Mwalimu, boksi langu lina tundu la duara mbele na usiku nasikia kitu kinatembea ndani.

Mwandishi: Panya au mende. Fungua wufa leo mchana, safisha, angalia waya na ile sufi ya ndani. Kisha kata wavu wa nailoni wa dirishani, ubandike kwa ndani ya tundu. Usizibe kwa kitambaa kizito, tundu hilo ni sehemu ya besi.

MzeeWaSanturi: Na mchwa. Wanapandia sakafuni mtu hajui, mpaka siku anasogeza boksi chini hakuna. Mimi nimeweka vipande vya raba ya tairi kila kona, sentimita tatu, na kila mwezi nachungulia kwa tochi.

Msafiri_77: Mkuu nimegusa. Umetoka wote mkononi, kama unga.

Mwandishi: Vizuri, sasa tunajua. Usiwashe tena. Pima karatasi na fremu kwa rula, leta namba hapa tukutafutie saizi.

Msafiri_77: Sawa. Kuna amplifaya nimeletewa pamoja nazo kutoka Japani, niijaribu kwanza na spika ndogo?

Mwandishi: USICHOMEKE. Geuza nyuma usome volti. Japani wanatumia 100, sisi 230, itaungua palepale. Spika hazina shida hiyo, lakini amplifaya inahitaji transfoma ya kushusha hadi 100, yenye uwezo kuzidi wati zilizoandikwa nyuma. Piga picha ya hiyo lebo uilete pamoja na vipimo vya wufa.